Wagonjwa Wangu wa Kifua na Kilima cha Kogo Rael

Siku niliyoagwa kazini, wenzangu wa idara walinipa blanketi, saa ya ukutani na keki iliyoandikwa jina langu kwa kukosewa herufi moja. Nilishukuru kwa vyote. Blanketi nalitumia kila siku, maana huku Kericho mstaafu huanza kusikia baridi siku ileile anayorudisha funguo za ofisi. Hotuba zilipokwisha, Faith, binti aliyeachiwa meza yangu, alinifuata hadi getini akaniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu wagonjwa wa kifua. Nikamwambia yote yamo kwenye faili. Akasema faili amezisoma, shida ni kwamba mwandiko wangu hausomeki.

Basi naandika, safari hii kwa kompyuta ya mjukuu. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini, kwa sababu nilipandishwa mara mbili tu na mara zote barua ilichelewa kunifikia. Mshahara nao mnaujua, ni huohuo wenu. Nitaandika juu ya watu ambao mapafu yao yalikuwa yameharibika na hayangepona, na ambao hata hivyo walitaka kuendelea kutembea.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Ukisema hivyo sokoni Bomet au Chepseon watu wanakutazama tu, kwa hiyo kwa miaka yangu yote nimeitwa daktari wa kukanda. Siku yangu ya kwanza hospitalini nilikabidhiwa chumba chenye kitanda kimoja, baiskeli ya mazoezi iliyokosa pedali ya kushoto, na foleni ya watu kumi na wawili waliokuja kukandwa mgongo. Wengi wao walikuwa wachuma chai, na mgongo wa mchuma chai nilikuwa nimeusoma chuoni, kwa hiyo nilifanya kazi nikiwa na raha. Wa kumi na tatu alikuwa mwanamume aliyeketi mwisho wa benchi, ameinama, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Yeye hakuwa na mgongo wa kukanda. Alitumwa na kliniki ya kifua akiwa na karatasi yenye maneno mawili, "afanye mazoezi". Mazoezi gani, sikujua. Nilimwambia ainue mikono mara kumi, midomo yake ikabadilika rangi, nikaogopa kuliko yeye, nikamwandikia barua ya kupumzika.

Barua hiyo nataka muielewe. Kwenye mashamba makubwa ya chai ilikuwa na uzito. Msimamizi akiiona anakupa kazi nyepesi au anakuacha ukae nyumbani. Niliandika nyingi mno, na zote kwa huruma. Aliyeshindwa kupanda kilima nilimwambia asipande. Aliyeshindwa kwenye tambarare nilimwambia akae. Walinitii, wakakaa. Baada ya miezi michache waliletwa tena wakiwa hawawezi hata kutoka kitandani hadi mlangoni, nami nikalaumu ugonjwa. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya mimi mwenyewe kwa kalamu.

Mmoja wao alikuwa baba yangu. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaajiriwa kiwandani, akaishia katika chumba cha kuchambulia majani makavu, ambako vumbi la chai hutua kwenye nyusi na hata ndani ya mifuko. Sisi watoto tulizaliwa kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, na tulijua baba amefika kwa kikohozi chake kabla ya kusikia mlango. Alikuwa pia mvutaji wa sigara, nisije nikalibebesha vumbi kosa lote. Alipostaafu alipenda kwenda kanisani kwa miguu na kurudi kwa njia ya mzunguko ili asalimiane na watu. Nilimkataza. Nilikuwa mwanawe na nilikuwa na cheti, akanisikiliza. Alikaa kwenye kiti kando ya dirisha miaka miwili, miguu ikakonda, akawa anaogopa hata kuoga peke yake, na hatimaye akafa. Mama alinisamehe zamani. Mimi bado sijamaliza kujisamehe, na ndiyo sababu nimeliandika hili mapema.

Aliyenifungua macho ni Sista Chepkoech, muuguzi msimamizi wa kliniki ya kifua, aliyehamishiwa kwetu mwaka uliofuata mazishi ya baba. Alikuwa mfupi, mnene, na alimsikiliza mgonjwa huku amefumba macho, mpaka wageni wakadhani amelala. Juma lake la kwanza alizichomoa barua zangu za kupumzika kwenye mafaili, akazipanga mezani kwangu, akaniuliza kwa upole kama fundi wa majeneza ananipa kitu kidogo.

Hakungoja jibu. Aliniongoza hadi kwenye benchi la wagonjwa, akaagiza kikombe cha chai ya maziwa kutoka kantini, akamkabidhi mama mmoja aliyekuwa akihema. Akamwambia aipulize ipoe, lakini isimwagike hata tone. Yule mama akakunja midomo akapuliza, polepole, kwa muda mrefu. Akapuliza tena. Mara ya tano au ya sita mabega yake yalikuwa yameshuka. Sista akamnyang'anya kikombe, akamwambia aendelee vivyo hivyo bila chai.

Baadaye alinieleza, ingawa chuoni nilikuwa nimelisoma kwa jina refu la Kiingereza ambalo hakuna mgonjwa aliyewahi kulikumbuka. Mwenye ugonjwa huu anadhani hewa imekataa kuingia. Ukweli ni kwamba ya zamani imekwama ndani na mpya haina pa kukaa. Ukivuta kwa pua kwa hesabu ya mbili, ukapuliza chai moto kwa hesabu ya nne, njia zinabaki wazi na ile ya zamani inatoka. Wagonjwa wetu wote walijua kupuliza chai moto. Tulichowafundisha ni kuipuliza wakati haipo.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuokoteza. Pampu za dawa ya kuvuta zilipoanza kupatikana, wengi walijipulizia dawa mdomoni kwa haraka, wakatibu ulimi na kuacha mapafu. Ile plastiki ya kuunganisha na pampu hatukuwa nayo, tukatumia chupa ya soda. Tulitoboa kitako chake kwa waya wa moto, tundu likatosha mdomo wa pampu, na mgonjwa akavuta kwa upande ule anaonywea. Kwa muda mrefu ofisi yangu ilinuka sherehe ya watoto. Mzee mmoja alirudisha chupa yake ibadilishwe, akisema soda ya machungwa si ya mtu wa rika lake, apewe ile nyeusi.

Kile kibanio cha kupima hewa kwenye kidole kilikuja baadaye sana. Ni kifaa kizuri, ila msimwachie mtu mwenye wasiwasi akitazame kutwa. Nilikuwa na mwalimu mstaafu aliyejinunulia chake, akawa anajipima hata akiwa anatafuna. Namba ikishuka kidogo moyo ulimpiga, moyo ukipiga pumzi ilikimbia, na pumzi ikikimbia alijipima tena. Tulikubaliana kifungiwe kwenye kabati la mkewe, kitoke asubuhi na jioni tu. Mkewe alinishukuru kuliko yeye.

Alhamisi ilikuwa siku ya kutembea. Mwanzoni tulitumia korido ya hospitali, lakini ilikuwa fupi, na mfanya usafi alipiga deki saa ileile kwa makusudi, nadhani. Ndipo jirani mwenye shamba la chai nyuma ya hospitali aliporuhusu tutumie vijia vyake. Huko tuliacha mita tukahesabu miche. Leo umefika mche wa kumi na nane, Alhamisi ijayo tuutafute wa ishirini. Waliowahi kuchuma waliambiwa wavute pumzi mkono unapokwenda kwenye majani na wapulize wanapoyatupa kikapuni mgongoni. Mikono yao ilikumbuka yenyewe. Nimewaona wanawake waliofika kwangu wakiburutwa wakichuma majani mawili na chipukizi huku wakisengenya, na hapo nilijua kazi imekubali, kwa sababu huwezi kusengenya bila pumzi.

Msije mkawadharau wagonjwa wa huku mkidhani ni wavivu. Kosa lao ni la upande mwingine. Mtu aliyechuma chai ujana wake wote anajua mwendo mmoja tu, mbio, kwa sababu aliyechelewa kufika shambani alipewa mstari mbaya. Kilima anataka akimalize kwa mkupuo, pumzi ikimkatikia imkatikie huko juu. Kumfundisha mtu wa aina hiyo asimame kabla hajachoka ni kazi kuliko kumfundisha kutembea. Anaona aibu. Anakwambia watu watasema amezeeka, hali ana miaka sabini na sita.

Sista Chepkoech alistaafu akaenda kufuga ng'ombe wake, na miaka michache baadaye tukamzika. Nilimkosa kila Alhamisi, na namkosa mpaka leo. Kati ya yote aliyonifundisha, moja nilikuja kulisahau nikiwa na uzoefu wa kutosha kulifundisha wengine. Alizoea kuniambia nikishamuuliza mgonjwa anaumwa wapi, nimuulize pia anakaa wapi. Mwaka wangu wa mwisho kazini, Kogo Rael alinikumbusha.

Kogo ni bibi kwa Kikipsigis, na kila mtu alimwita hivyo, hata mimi mwenye mvi. Aliletwa kwa pikipiki na mwanawe mkubwa, Kipkorir, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mtu wa maneno machache. Mama yake alikuwa amechuma chai ya watu miaka mingi, kisha yake mwenyewe, kipande cha shamba kwenye mteremko. Nyumba yao iko chini. Kituo cha kupimia chai kiko juu, barabarani. Kifua chake kilikuwa kimeharibiwa na moshi wa kuni wa maisha yote na kifua kikuu alichotibiwa zamani. Tangu Pasaka hakuwa amekwenda hata chooni bila kushikwa mkono.

Kipkorir aliniambia familia imeshakaa na kuamua. Mama atapelekwa Soin kwa dada yake, ambako kuna joto, akatulie huko. Baridi ya huku itammaliza. Alisema kwa heshima, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimgeukia Kogo nikamuuliza yeye anataka nini. Aliinua kidole tungoje, akaitafuta pumzi, kisha akasema, "Huko wananipeleka kungojea kufa. Mimi nataka nifike kituo na chai yangu."

Kipkorir alisema, "Mama, hata choo inakushinda."

Tulibishana kwa adabu karibu saa nzima. Mwishowe Kipkorir akatoa muda mpaka shule zifungwe, yaani miezi mitatu. Kama kufikia hapo mama yake atakuwa amepanda kile kilima kwa miguu yake, na majani aliyochuma mwenyewe, atabaki. Asipoweza, Soin. Nikasema ataweza, tena mbele yake, jambo ambalo Sista angenikemea. Kuahidi mguu wa mtu mwingine ni ujinga, na nilikuwa na umri wa kulijua hilo.

Majuma matatu ya kwanza alizidi kuwa mbaya. Pampu alikuwa akiivuta sawasawa, nilihakikisha. Chai moto aliipuliza vizuri kuliko wote. Lakini kila Alhamisi alifika akikohoa kuliko Alhamisi iliyopita, nami nikawa namtazama Kipkorir kama mtu anayedaiwa. Siku moja ya mapumziko nikaamua kwenda kwao.

Nilimkuta jikoni. Walimpa mahali pazuri kuliko pote, kwenye kigoda kando ya mafiga, mlango umefungwa upepo usimpate, na mke wa Kipkorir akichochea kuni mbichi kwa sababu ya mvua. Alikaa hapo toka alfajiri mpaka saa ya kulala. Macho yangu yalitoka machozi kabla sijamaliza kuwasalimu, chamgei. Wote walimpenda, hakuna aliyemtakia mabaya, na upendo huo ndio uliokuwa ukimvutisha moshi kutwa. Huku kwetu kwenye ukungu na mvua ya mawe mgonjwa wa kifua hawekwi mbali na moto. Hata mama yangu, mtu wa ziwani, kila jioni alimtoa baba dirishani akamsogeza motoni hivyohivyo. Na mimi, miaka thelathini na kitu kwenye kazi, sikuwa nimemuuliza Kogo anakaa wapi.

Nilipomwomba Kipkorir amtoe jikoni alinitazama kama niliyemtukana. "Sasa daktari, nimuweke nje kwa baridi kama mbwa?"

Tulisuluhisha hivi. Kiti chake kikahamia nyumba kubwa, blanketi mbili, soksi nzito na mtungi wa maji moto uliofungwa kwa shuka miguuni. Kuni zikaanikwa chini ya mabati, na jikoni pakapikwa mlango ukiwa wazi. Siku ya tatu Kogo akagoma. Alisema ndani kule hakuna moshi kweli, lakini hakuna watu pia, na mazungumzo yote yako jikoni. Alikuwa na haki. Upweke na wasiwasi ni mtu na nduguye, nimeviona vikimkaba mgonjwa kushinda moshi. Ikabidi familia nzima ihamishe chai ya jioni kuipeleka kwake. Mke wa Kipkorir alinung'unika juu ya kubeba vikombe uani kwenye mvua, lakini alivibeba.

Kikohozi kilipungua ndani ya majuma mawili. Akaanza kwenda chooni peke yake, kisha mpaka ng'ombe walipo, kisha akaingia shambani. Hapo tukakutana na kizuizi kingine. Kila tulipokaribia mche fulani katikati ya mteremko, kabla hata hajachoka, macho yalimgeuka, akanishika mkono wa shati, akasema anakufa. Kibanio cha kidole kilisema hafi. Nilimwonyesha namba, haikumsaidia kitu.

Nilimketisha nikamuuliza kuna nini pale. Alinieleza kidogokidogo. Siku ya Pasaka alikuwa ametangulia kwenda kanisani kwa haraka yake ya uchumaji, pumzi ikamkatikia hapo, akaangukia kati ya michai. Aliwasikia watu wakipita barabarani juu wakicheka na kusalimiana, sauti za watu anaowajua, na hakuweza kumwita hata mmoja. Alilala pale mpaka mjukuu alipomwona. Hakuwa amemwambia yeyote jambo hilo la kusikia watu. Alisema, "Weri, mimi siogopi kufa. Naogopa kufa nikisikia watu."

Weri maana yake kijana, na ndivyo alivyoniita mpaka mwisho. Nilimwambia hata mimi ningeogopa. Juma lililofuata nilikuja na chupa ya chai, tukakaa palepale alipoanguka, mimi, yeye na Kipkorir, tukanywa. Tukazungumza habari za watu. Wapita njia walipoonekana barabarani nilimwambia asiite kwa sauti, apunge leso tu, wakapunga nao. Tulifanya hivyo mara nne au tano, mpaka pale pakawa mahali pa kunywea chai. Kipkorir, bila kuombwa na mtu, akakata vigogo vitatu akavipanga kwenye kijia, mama akae kabla ya kuchoka. Cha pili alikiweka hapo alipoanguka. Hiyo ndiyo siku nilipojua ananisaidia mimi, si kunipinga.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokolea akapata homa ya mapafu. Siku sita wodini, bomba la oksijeni puani. Yalikuwa yamebaki majuma mawili hivi shule zifungwe. Kipkorir alisimama upande mmoja wa kitanda akaniambia taratibu kwamba nimejitahidi, basi yatosha. Sikubishana. Nilimwona mama yake akiwa amelala, macho yamefumbwa, na chini ya blanketi nyayo zake zikipanda na kushuka, moja baada ya nyingine, kama nilivyomfundisha. Alipojua ninamtazama alisema miguu yake haijaugua. Alasiri hiyo alisimama kando ya kitanda akahesabu mpaka ishirini. Kesho yake, mpaka dirishani.

Alirudi nyumbani zikiwa zimebaki siku kumi na moja. Siku kumi alizitumia kwenda kigogo cha kwanza na kurudi, halafu cha pili na kurudi. Cha tatu hakuwa amekifikia tangu augue.

Siku yenyewe niliomba ruhusa kazini. Asubuhi alichuma kidogokidogo, akivuta na kupuliza, akajaza kikapu kidogo kilichokuwa cha mjukuu. Kipkorir aliegesha pikipiki barabarani juu, nami nikakaa naye, kwa sababu Kogo alisema hataki mtu nyuma yake. Alifika kigogo cha kwanza, akakaa. Akafika cha pili, akakaa muda mrefu, akatupungia leso. Kisha akaanza kile kipande kikali.

Alisimama katikati, mahali pasipo na kigogo. Akainama, mikono juu ya magoti, kikapu kikimwelemea upande. Tuliona mabega yakienda mbio. Kipkorir akawasha pikipiki. Niliweka mkono wangu juu ya wake kwenye usukani, nikamwambia angoje. Akasema, "Daktari, huyo ni mama yangu." Nikamwambia najua. Nilikuwa naogopa kama siku yangu ya kwanza kazini, na nilimfikiria baba kwenye kiti chake, na nilijua kwamba nikikosea hapa sitapata mahali pa kujificha. Kipkorir akazima injini. Sijui aliipata wapi nguvu hiyo, mimi mwenyewe kama angekuwa mama yangu singeweza.

Chini kule Kogo alikunja midomo. Hatukusikia kitu, lakini tuliliona shavu likijaa na kupungua, likijaa na kupungua, polepole zaidi kila mara. Akainua kichwa. Akasogeza mguu mmoja, akasimama. Akasogeza mwingine. Kigogo cha tatu alikigusa kwa mkono akapita.

Kituoni watu walikuwa kwenye foleni na lori lilikuwa limeshafika. Walijipanga pembeni wakamwachia njia. Karani alikipokea kikapu kwa mikono miwili, akakitundika kwenye mizani kwa umakini uleule anaowawekea wenye magunia. Kogo aliketi kwenye ukingo wa saruji akaendelea kupuliza chai yake isiyokuwapo.

Kipkorir alivua kofia ya pikipiki. Alikuwa akilia, mwanamume mzima, mbele ya majirani zake, na hakujifuta. Alichuchumaa mbele ya mama yake akamwambia imekwisha, anatamka mbele ya watu wote, hakuna atakayemtaja Soin tena katika nyumba ile.

Kogo aliinua kidole. Tulingoja pumzi irudi, sisi, karani, foleni na dereva wa lori.

"Nani amesema siendi?" akauliza. "Nipeleke kesho, nimsalimie dada yangu. Chai ikikuwa tayari ya kuchuma tena, unikujie. Mimi nilikuwa nakataa sababu hamkuniambia siku ya kurudi."